Waya wa Pini Tatu

Waya ule niliutengeneza mimi, kwa mikono yangu hii, na niliupenda. Naanza na hilo ili mtu asihangaike kutafuta mwingine wa kulaumu. Vita vilifanya yake, na sina nia ya kuvitetea, lakini waya ulikuwa wangu mimi Straton, fundi wa redio, mtu wa kujua mengi na kuuliza machache.

Mwaka ule wa 2007 nilikuwa Masisi-centre, katika duka la Papa Muhindo. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki asiyekosa misa, muuzaji wa chumvi, sabuni na mabati. Starehe yake ilikuwa moja tu duniani: chaîne yake, yaani mtambo wa muziki wa nyumbani, uliokaa sebuleni nyuma ya duka chini ya kitambaa alichofuma mkewe. Kulikuwa na ampli ya kukuza sauti, deki ya kaseti, na bafle mbili ndefu, yaani spika, zilizonifika kifuani. Jenereta, groupe kama tunavyoiita kwetu, ilikuwa uani. Kila ilipowaka, bafle zile ziliguna mmmm, kama ng'ombe aliyeshiba, na mguno ule ulitugombanisha miaka miwili.

Nieleze kidogo. Waya wa kawaida wa nyumbani una njia moja ya kubeba sauti, na ganda lake la nje ndilo njia ya kurudi. Jenereta ikitema uchafu wake, uchafu unaingia humo humo na kusafiri pamoja na sauti mpaka kwenye bafle. Lakini upo waya mwingine, wa pini tatu, ambao mafundi wanauita symétrique. Huo una nyaya mbili ndani ya ganda. Mmoja unabeba sauti ikiwa wima, wa pili unabeba sauti ileile ikiwa imepinduliwa, kichwa chini, miguu juu. Uchafu ukija, unaziingia zote mbili sawasawa. Mwisho wa safari, chombo cha kupokea kinaigeuza ile iliyopinduliwa na kuziunganisha: sauti inapata nguvu mara mbili, na uchafu unajipinga wenyewe mpaka unakufa. Nilijifunza hayo Goma kwa fundi mmoja wa vyombo vya kanisa, nikarudi nayo Masisi kama bwana arusi. Kila mtu alilazimika kusikia habari zake.

"Straton," Papa Muhindo aliniambia, "kutoka ku deki mpaka ku ampli iko mukono moja tu. Iyo waya yako ya pini tatu itanisaidia nini mu salon? Iko ya bantu ya stade, benye kupiga muziki mukubwa."

"Papa, ao unapenda kusikia groupe inaimba misa na weye?"

Alicheka, lakini hakukubali. Na alikuwa na haki. Kwa mkono mmoja wa waya, ndani ya nyumba, waya wa kawaida unatosha kabisa. Leo nalisema bila kulazimishwa na mtu.

Basi nikasubiri nafasi yangu, nayo ikaja. Kwaya ya parokia ilitupatia mikro yake ya zamani, maikrofoni ya pini tatu, niliyokuwa nimeifufua. Deki ya Papa Muhindo ilikuwa na tundu moja la mikro, la stereo, lenye upande wa kushoto na upande wa kulia. Fundi mwenye akili zake angechukua waya mmoja wa sauti na kuufunga wa pili kwenye ganda, ukawa waya wa kawaida, mambo yakaisha. Mimi niliona dhambi kuua waya mzima. Nikaufunga mmoja kushoto na wa pili kulia, solda ikang'aa, nikajiona nimeiingiza symétrique mpaka ndani ya kaseti. Kosa ni hilo. Litajieleza lenyewe mbele.

Wakati ule simu zilikuwa zimeanza kufika, lakini mlingoti ulikuwa unasimama wiki moja na kulala tatu, na watu wa milimani walishikilia desturi yao ya barua za kaseti. Mtu anasema maneno yake, kaseti inapanda lori, lori likishindwa na barabara inapanda pikipiki, pikipiki ikishindwa inabebwa mgongoni. Nyingi zilikwenda Mubi, kule Walikale, kwenye barabara ya msitu inayohudumia machimbo, ambako vijana wetu walikuwa wakipakia malori. Papa Muhindo alikuwa na duka la pili kule, chini ya mdogo wake Archange, kwa hiyo barua zilipita mikononi mwake. Wanaotuma walirekodi sebuleni kwake, kwenye chaîne. Alipenda hivyo. Alitandika kitambaa na kuwapa chai.

Consolée alikuja kwa njia hiyo. Alikuwa binti wa mkulima, nyumba yao ilikuwa kilimani juu ya Lushebere, akiishi na mama yake, Mama Agathe, ambaye miguu ilikuwa imemkataa. Mume wake, Védaste, alikuwa mchunga ng'ombe wa Kirolirwe. Ng'ombe walipochukuliwa na wenye bunduki, alitaka wahame wote kwenda Mubi. Consolée akasema hamwachi mama yake. Wakagombana vibaya, kwa maneno ambayo ukuta wa udongo hauwezi kuyazuia, na Védaste akaondoka peke yake.

Miezi minne baadaye kaseti yake ilifika. Niliicheza mwenyewe, maana kwa Consolée hapakuwa na redio. Védaste hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Consolée, nasikia vita iko nakaribia uko. Nije nikutwae, weye na Mama, ao nisikuje? Nijibu. Kama haunijibu, nitajua ulikataa, na sitakusumbua tena."

Consolée alirudi siku ya pili amevaa kitenge chake cha kanisani, kana kwamba kaseti ina macho. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Kuku wa mke wa Papa Muhindo walikuwa wamejificha chini ya dirisha na kulalamika. Nilimsogezea mikro, nikamwambia aongee kama anaongea na mtu wa mezani.

"Védaste, ni miye, Consolée. Ulisema nikujibu. Kuja." Akafuta pua kwa ncha ya kitenge. "Nakubali. Mama mwenyewe anasema twende, tutamubeba mu kipoyi. Kuja mbele ya siku ya yenga ya mwisho ya mwezi huu. Nitakungoja mu nyumba, sitatoka, hata bantu bakikimbia. Mahindi ya chini ya njia imekomaa, ukifika nitakuchomea. Na yale maneno nilikuambia siku ile, usiyaweke mu roho. Nilikuwa na hasira. Njo vile."

Aliongea mengine ya nyumbani, ya mbuzi na ya jirani, kisha maneno yakamwisha. Nilimpongeza kwa sauti ya furaha, halafu ndipo nikazima deki.

Tukasikiliza, sisi watatu, Papa Muhindo akiwamo. Sauti yake ilijaza sebule. Mvua ilikuwamo, kuku walikuwamo, na mguno wa jenereta ulikuwamo pia, mdogo, nyuma kabisa. Nilijifanya siusikii. Papa Muhindo aligeuza kichwa kushoto, akageuza kulia, kama mtu anayetafuta mbu.

"Straton, iyi sauti inatokea wapi? Haiko mu bafle ya kuume, haiko mu bafle ya kushoto. Iko kama nyuma ya kichwa yangu."

"Papa, njo symétrique iyo. Masikio yako ilizoea uchafu."

Mzee wa watu alikuwa ameligusa kosa lenyewe kwa masikio yake, na mimi nikamcheka. Consolée hakuelewa kitu katika mabishano yetu. Aliniuliza jambo moja tu.

"Kaka Straton, atanisikia muzuri?"

"Atakusikia kama uko mu chumba yake."

Kaseti iliondoka. Siku tisa baadaye dereva alituletea habari kwamba Archange ameipokea Mubi na kumpa Védaste mkononi. Niliipeleka habari hiyo kilimani mwenyewe. Consolée alipiga makofi mara moja, akaingia ndani kumwambia mama yake.

Kisha vita vikaja kweli. Alhamisi kabla ya Jumapili ile ya mwisho, siku ya yenga aliyoitaja Consolée, njia ya Lushebere ilikuwa imejaa magodoro na mbuzi. Nilipanda kilimani kuwahimiza. Vitu vyao vilikuwa vimefungwa tayari katika kitenge kimoja, na kipoyi, machela ya kumbebea Mama Agathe, kilikuwa kimeegemezwa mlangoni.

"Dada Consolée, twende. Bantu bote banaenda."

"Nilimuambia mpaka siku ya yenga. Akifika akute nyumba iko wazi, atasema nilimudanganya." Akanitazama. "Si kaseti ilifika?"

"Ilifika."

"Na sauti ilikuwa safi?"

"Safi kabisa."

"Basi atakuja."

Ningeweza kusema maneno mengine. Ningeweza kumshika mkono, kumbeba mama yake mgongoni, kupiga kelele mpaka majirani waje. Badala yake nilimhakikishia kazi yangu, nikashuka. Jumamosi bunduki zilifika kilimani. Majirani waliorudi baadaye kuchungulia waliwakuta wote wawili ndani, Consolée na mama yake, na kile kitenge bado kimefungwa. Waliwazika upande wa nyumba, haraka haraka, bila padri.

Papa Muhindo alirudi Butembo na familia yake. Chaîne ilibaki chini ya kitambaa, na sijui nani anaisikiliza leo. Mimi nilipita msituni na wengine mpaka Walikale, kisha Mubi, na Archange akanipa kona ya baraza ya duka lake. Nikaweka meza, nikaanza tena kufungua redio za watu, matope ya malori yakinirukia mpaka kwenye bisibisi.

Védaste nilimwona wiki ya kwanza, akipakia magunia. Nilimjua kwa sauti aliposalimiana na Archange, maana uso sikuwahi kuuona. Na nilishangaa, kwa sababu nywele zake zilikuwa zimejaa kichwani, zimechanwa vizuri. Kwetu mwanamume akifiwa na mke anakaa kilio, na siku za kilio zikiisha ndugu yake anamnyoa. Habari za kifo zilikuwa zimetangulia Mubi kabla yangu. Nilimuuliza Archange.

"Uyo hakukaa kilio," Archange aliniambia. "Tulimuambia, alikataa. Anasema hakukuwa tena na bibi, bibi alimukataa mbele ya kufa."

Sikuelewa. Nilidhani labda kaseti ilipotea, dereva alitudanganya. Niliogopa kumsogelea, nikajiambia nitamtafuta siku nyingine.

Mwezi wa tatu tangu nifike, alikuja mwenyewe. Aliweka mezani redio-kaseti ndogo, ya bafle moja, aina ile iliyo katika kila nyumba ya huku. Mlango wake ulikuwa umekwama na kaseti imenaswa ndani. Niliufungua kwa kisu, na nikaona mwandiko wangu juu ya karatasi ya kaseti: *Védaste, Mubi*.

"Na iyi kaseti?" nikauliza.

"Iko ya bure. Unaweza kuitupa." Lakini mkono wake ulikuwa umeshaikamata. "Nilimuuliza bibi yangu nije ao nisikuje. Akanitumia kelele ya groupe, upande muzima. Kama alikataa, si angesema tu na kinywa? Nilisikiliza mara mingi. Siku ingine nilisikia kama mutu anapumua mbali, nikasema ni mawazo."

Nilimwomba aniachie vyote viwili nitengeneze. Alipoondoka niliirudisha kaseti ndani ya redio yake, nikabonyeza.

Mmmm. Jenereta ya Papa Muhindo, peke yake. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Mmmm. Consolée hakuwamo. Lakini mvua haikuwamo pia, wala kuku. Mvua ile ilipiga mabati kwa nguvu, nani ameifuta? Mtu anaweza kunyamaza. Mvua hainyamazi kwa hasira. Hapo nikauona waya wangu kama umewekwa mbele yangu mezani.

Deki haikuwa na chombo cha kugeuza. Iliandika nilichoipa: kushoto sauti wima, kulia sauti iliyopinduliwa. Kwenye bafle mbili kila sauti ilitoka mlango wake, na sikio likapata kitu cha kusikia. Redio ya bafle moja inachukua kushoto na kulia na kuzichanganya pamoja. Sauti wima ikakutana na sauti iliyopinduliwa, zikauana. Ule mguno, ulioingia pande zote mbili sawasawa, ndio uliopona. Maisha yangu yote nilikuwa nimehubiri waya unaoua uchafu na kuokoa sauti, na nilitengeneza mmoja ulioua sauti na kuokoa uchafu.

Nilikaa na redio ile siku mbili, nikimwambia Védaste kwamba nasubiri kipande. Hakuna kipande nilichosubiri. Niliogopa, nasema wazi. Nikinyamaza, ataendelea kumchukia marehemu ambaye alimwita, naye Consolée atabaki mke aliyekataa mume, bila kilio, mpaka watu wamsahau. Nikisema, atajua kwamba alingojwa. Sikujua kipi ni kibaya zaidi kumpa mtu. Na chini ya yote hayo kulikuwa na jambo dogo, la aibu: sikutaka ajue ni mimi.

Siku ya tatu nilikopa walkman ya Archange, yenye visikizi vya masikio mawili. Niliukata waya wa sikio la kulia, ili sauti iliyopinduliwa isimfikie. Saa nne asubuhi Védaste alikuja kabla ya kupakia, nikamkalisha kwenye kreti.

"Redio yako njo ilikuwa mubaya," nikamwambia. "Kaseti haiko tupu."

Uongo ule niliusema bila kukwama. Nikamwekea kisikizi katika sikio la kushoto, nikabonyeza.

Védaste alishika ukingo wa meza yangu kwa mikono miwili. Midomo yake ilianza kufuata maneno, na niliona ilipofika kwenye "kuja", maana alilirudia neno hilo mara tatu bila sauti wakati Consolée keshaendelea na mama na kipoyi. Sauti ilipofika kwenye mahindi, Védaste alifumba macho. Malori yalikuwa yakipiga honi, mtu mmoja akamwita jina, hakusikia. Mimi nililia kwa kuinamisha kichwa ndani ya redio ya mtu mwingine, nikijifanya natafuta skrubu.

Nilingoja kaseti iishe. Lakini Védaste alifumbua macho na kunitazama, akatoa kisikizi polepole, akanipa. "Rudisha kidogo," akasema. "Usikie weye."

Nilirudisha. Nikasikia sauti ya mwanamume, changa kuliko yangu, imejaa furaha kama mtu aliyeshinda mchezo:

"Imetosha, dada! Iko safi kabisa! Hakuna hata mungurumo!"

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilisema kabla ya kuzima deki.

"Ni weye uyu," Védaste akasema.

"Ni miye."

Basi nikamweleza yote. Nilichora nyaya mbili kwenye matope kwa msumari, moja wima na nyingine imepinduliwa, nikaonyesha zinapokutana. Nilimwambia habari ya Alhamisi pia, kitenge kilichofungwa, kipoyi mlangoni, na jinsi nilivyomwambia Consolée kwamba sauti ni safi. Sikujitetea, au labda nilijitetea kidogo, kwa sababu nilisema tuliijaribu kaseti kabla ya kuituma.

"Mulijaribia ku nini?"

"Ku chaîne ya Papa Muhindo."

"Iko na bafle ngapi?"

"Mbili."

Alitazama ule mchoro matopeni.

"Straton, ku milima yetu yote, na huku Mubi yote, ni nani iko na bafle mbili?"

Nilingoja anipige, na ningeshukuru. Alichukua kaseti, akaiweka mfukoni mwa shati upande wa moyo, akaondoka. Siku hiyo hakupakia.

Asubuhi iliyofuata nilipofika barazani nilimkuta ameketi kwenye kreti ileile. Alikuwa na beseni la maji, kipande cha sabuni, na wembe mpya bado katika karatasi yake. Macho yalikuwa mekundu. Archange alisimama mlangoni.

"Sina ndugu huku," Védaste akaniambia. "Weye njo ulikuwa wa mwisho kumusikia. Ninyoe."

"Védaste, si miye. Tafuta mutu mwingine."

"Ninyoe."

Nikapaka sabuni. Mikono inayovua ganda la waya mwembamba bila kugusa shaba ilishika wembe, na yeye aliinamisha shingo mbele yangu kama mtu anayesali. Nywele zilianguka kwenye matope, juu ya mchoro wa jana. Nilimkata kidogo nyuma ya sikio, lile la kushoto. Nikaifuta damu, nikaendelea kunyoa.